Gari Lisilopiga Kelele

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la Daktari, spana ya kumi na mbili mkononi, akiikaza nati ileile aliyoikaza wiki sita zilizopita, aliposikia mlio asioujua ukiingia getini.

Jambo hilo lilimkera kidogo. Katika gereji ile, iliyofunguliwa na baba yake kabla yeye hajazaliwa, sifa yake mojawapo ilikuwa kuwatambua wateja kwa milio ya injini zao. Mwalimu mkuu alikuja akikohoa. Mama wa duka la vitambaa alikuja akipiga filimbi, kwa sababu ya mkanda wake uliolegea ambao hataki ubadilishwe. Mlio huu ulikuwa mzito, wa chini, wa kitu chenye nguvu nyingi kinachojizuia mbele za watu.

"Binti," baba yake aliita kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Hebu toka huko uone. Daktari wako ameingia na mnyama."

"Si wangu, Baba."

"Mnyama au Daktari?"

Alibaki pale chini akiitazama nati, na nati ikamtazama. Pembe zake zilikuwa zimeliwa. Hiyo haikuwa kazi ya spana, ila ya koleo, tena koleo la mtu asiyejua anachofanya. Kwa miaka miwili sasa, kila baada ya wiki sita, gari hili lililetwa likiwa linalia chini, bati la kukinga joto la ekzosi likitetemeka kama mende ndani ya kopo, na kila mara Fundi alikuta alama mpya za koleo juu ya nati aliyoikaza kwa mkono wake mwenyewe. Maana yake ilikuwa moja tu. Daktari ana fundi mwingine. Huko anaanza, na akishaharibiwa ndipo anakumbuka kuja hapa. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimkata maini, na kwa kuwa alikuwa na kiburi cha kazi yake, hakuwahi kuuliza.

Isitoshe, angemuuliza kama nani? Mteja ni mteja. Kanuni ya baba yake kuhusu hilo aliijua toka siku alipovaa ovaroli. "Fundi akimpenda mteja," Mzee alikuwa akisema, "breki zikiisha atamwambia bado zipo, ili asimharibie siku. Hapo mmekwisha wote wawili." Na katika miezi ya karibuni Mzee alianza kuirudia kanuni hiyo kila Daktari anapokaribia kuja, hata kama hakuna aliyeizungumzia, kwa sababu hakuwa kipofu. Alikuwa amemwona binti yake akinawa uso kwa sabuni mara tatu kwa ajili ya mteja mmoja.

Fundi alijivuta nje, akajipangusa, akasimama.

Gari lilikuwa la kijivu, pana mabegani, limeinama mbele. Matairi yalijaa hadi kwenye kingo za bodi. Nyuma lilikuwa na mabomba manne ya ekzosi, na kati ya rimu zilionekana diski za breki kubwa kama sinia. Mlango ukafunguka bila sauti, Daktari akashuka.

Alikuwa daktari wa meno, mwenye kliniki mitaa miwili kutoka pale. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono safi kuliko yote iliyowahi kuingia katika gereji ile, na mwenye desturi ya kutabasamu kwanza kwa macho, mdomo ukafuata baadaye. Fundi alilijua tabasamu hilo kwa miaka sita na bado hakuwa amelizoea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiki ni nini umetuletea?"

"Ni gari, Mzee."

"Hilo nimeliona. Nauliza limefika vipi."

Daktari alicheka, akamgeukia Fundi. "Nimelichukua Jumatano. Dada yangu alinisakama mwaka mzima kwamba daktari mzima naendesha kopo. Lakini nisimsingizie, nililitaka mwenyewe. Tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa nachora magari ya namna hii nyuma ya madaftari."

"Hongera," Fundi alisema, na neno likatoka kavu. Ndiyo maana Alhamisi alileta lile la zamani akaondoka haraka, hakukaa kupiga soga kama kawaida yake. "Basi hili la kwako la zamani liko tayari. Bati nimelikaza."

"Ndilo lililonileta. Pale ninapoishi nina nafasi moja tu ya kuegesha, siwezi kuwa na mawili. Na hawa walioniuzia wamenipa siku saba, nikibadili mawazo nalirudisha." Alipapasa funguo. "Nataka uyaendeshe yote mawili, njia moja. Kisha uniambie nibaki na lipi. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

"Mimi?"

"Nani mwingine analijua gari langu?"

Fundi nusura amtajie yule mwenye koleo. Akajikaza. "Na huduma yake hili jipya itafanyika wapi?"

"Kwao wenyewe. Miaka mitano. Mtu mwingine akifungua boneti, dhamana inakufa."

Miaka mitano. Fundi aliinama kuokota kitambaa ambacho hakikuwa kimeanguka popote. Akisema jipya, hana sababu ya kumwona tena mtu huyu mpaka nywele zianze kuota mvi. Akisema la zamani, baada ya wiki sita atakuwa hapa hapa na bati lake linalolia. Kwa maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupewa swali ambalo kulijibu kwa uongo ni rahisi kiasi hicho.

Mzee alikuwa amelifunga daftari lake la kuandikia magari, na alikuwa anamtazama.

*

Walianza na la zamani. Kuufunga mlango wa dereva ilibidi uunyanyue kwanza, kisha uuvute. Fundi aliunyanyua bila kufikiri. Saa ya dashibodi ilikuwa mbele kwa dakika kumi na moja, na Daktari hakutaka irekebishwe, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha kliniki kabla ya wagonjwa. Walitoka getini, wakapita shule, wakaanza kupanda mlima wa tangi la maji. Gia ya tatu ilihitaji kubembelezwa. Katikati ya mlima ikachoka, akairudisha ya pili, na injini ikapiga kelele zake zote.

"Linapumua," Daktari alisema kwa kupaza sauti.

"Nini?"

"Nasema linapumua!"

"Lina miaka kumi na tisa!"

Hivyo ndivyo walivyozungumza ndani ya gari lile siku zote, wakipigiana makelele kama watu walio kwenye kingo mbili za mto. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mkoba wa Daktari. Kwenye matuta matatu ya mteremkoni gari lilipanda na kushuka taratibu, bila kinyongo, kwa sababu springi zake zilikuwa laini na tumbo lake liko juu.

"Unakumbuka siku ya kwanza?" Daktari alipaza. "Niliambiwa kule nilikotoka kwamba nahitaji injini mpya. Wewe ukafungua boneti, ukaniangalia kwa huruma, ukasema nahitaji plagi nne."

"Tatu! Moja ilikuwa nzima!"

Alicheka, na Fundi akacheka, na kwa mzunguko mzima wa kurudi gereji hakuna aliyesema kitu kingine. Kelele ziliwasitiri.

Jipya lilikuwa habari tofauti. Kiti kilimkumbatia mbavuni. Usukani ulikuwa mnene, mwepesi katika mwendo wa polepole na mzito kadiri spidi inavyopanda. Hapakuwa na klachi wala gia ya kubembeleza. Gia zilijibadilisha zenyewe kabla hujajua kwamba zilihitajika. Alipita shule taratibu kama inavyotakiwa, akafika mguu wa mlima, akatazama kioo, barabara ilikuwa tupu. Akakanyaga.

Mgongo wake ukabanwa kitini. Tangi la maji, ambalo dakika chache zilizopita walilifikia kwa dua, likawa mbele yao kabla hajamaliza pumzi aliyoianza. Kwenye sehemu tambarare ya juu akakanyaga breki kwa nguvu, makusudi, na gari likasimama palepale, limenyooka, bila kuyumba hata kidogo.

Fundi alikaa akiushika usukani. Alikuwa anatabasamu, hakuweza kujizuia. Mtu anayependa mashine hawezi kufanyiwa vile akakaa na sura ya msiba.

"Eeh?" Daktari alisema.

Hakuhitaji kupaza sauti. Humo ndani palikuwa kimya, kimya cha chumba chenye zulia, na Fundi akasikia hata Daktari alivyomeza mate. Ndipo akatambua tatizo la gari lile ambalo hakuna kitabu cha kiwandani kingeliandika. Hapakuwa na mahali pa kujificha.

Akaegesha kando ya tangi, akazima injini.

"Haya," alisema, akitazama mbele. "Limekaa chini mno. Yale matuta matatu, la pili litakugusa tumbo kila siku. Springi ni ngumu, utahesabu kila kokoto. Mafuta litakunywa kama limetoka jangwani. Na watu wa nyuma watakaa magoti yakigusa kidevu."

"Kwa hiyo nilirudishe."

Alisema kwa utulivu tu, kama mtu anayeuliza saa. Na hapo Fundi angeweza kunyamaza. Hakuwa amesema uongo hata mmoja. Kila alilolitaja lilikuwa kweli, na angeweza kuacha mambo yaishie hapo, arudi gereji, na wiki sita zikipita anawe uso mara tatu. Lakini akafikiria kutu ya lile la zamani.

"Hapana," alisema. "Baki nalo."

Daktari aligeuka.

"Lile la zamani lina kutu chini ya kiti cha nyuma. Nimeiziba mara mbili, mara ya tatu hakuna chuma cha kushikia. Kwa safari za hapa na pale polepole halina neno. Lakini wewe unakwenda nalo barabara kuu kila Ijumaa kwa wale wagonjwa wako wa mbali, na ukigongwa ubavuni ule mlango hautakusaidia. Hili lina breki nilizozihisi sasa hivi mpaka kwenye meno. Likiteleza litajirudisha. Ukipatwa na lolote, hili litakukinga." Akaupapasa usukani. "Kama ningekuwa na mtu wangu, ningetaka aendeshe hili."

Aliposikia alichokisema, akatamani kelele za lile gari la zamani.

"Basi nitakuwa siji tena gereji," Daktari alisema polepole.

"Najua."

"Na bado umeniambia nibaki nalo."

"Umeniuliza kama fundi, nimekujibu kama fundi. Halafu nafuu kwako. Hutakuwa tena na kazi ya kutuzungukia mafundi wawili."

"Mafundi wawili gani?"

"Daktari, usijitie hamnazo. Mimi si mtoto. Ile nati ya bati la ekzosi, miaka miwili inakuja kwangu imetafunwa na koleo. Nani anashika nati kwa koleo? Kama ulikuwa huridhiki na kazi yangu ungesema tu, mimi si wa kununa." Alikuwa amenuna wakati akisema hivyo. "Lakini kulipeleka gari kwa mtu wa koleo, kisha unaniletea mimi na tabasamu, kwa kweli iliniuma."

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi. Mtu aliyezoea kuwaambia wengine wafungue vinywa wasiogope alikuwa amekosa pa kuuweka wake.

"Hakuna fundi mwingine," alisema hatimaye.

"Nati haijiumi yenyewe."

"Lile koleo ni langu."

Fundi alimgeukia taratibu.

"La nyumbani?"

"La kazini. La zamani, halitumiki tena. La kung'olea magego."

Kimya cha gari lile jipya kikafanya kazi yake.

"Umeishika nati yangu," Fundi alisema, akipima kila neno, "kwa koleo la magego."

"Nilikuwa nalala chini pale ninapoegesha, Jumapili asubuhi. Majirani walidhani naangusha funguo kila mara. Mmoja aliniletea kamba ya kuzivaa shingoni." Alijifuta paji la uso. "Nilihakikisha kwanza kwamba haileti hatari. Nilisoma. Bati likilegea linapiga kelele tu. Nilitafuta kitu kibaya kidogo ambacho kingeniruhusu kuja."

"Kwa nini usingekuja tu?"

"Nikaseme nini? Baba yako ana daftari. Mtu hajazima injini anaulizwa tatizo. Ningemwambia tatizo ni nini, niko mzima, gari ni zima, nimemkumbuka binti yako? Nilijaribu mara moja kuja bila tatizo. Aliniuliza, nikaropoka wiper."

Fundi alikumbuka siku ya wiper. Walizikagua nusu saa nzima, zikiwa mpya kabisa. Kicheko kikamtoka tumboni, akaegemeza kichwa kwenye usukani, na mabega yakamtetemeka mpaka machozi yakamtoka. Alipoinua uso Daktari alikuwa bado anamtazama kwa wasiwasi, kama mgonjwa anayesubiri kuambiwa jino litang'olewa au litazibwa.

"Mbona hukuniuliza habari ya hiyo nati?" alimuuliza. "Miaka miwili unaiona."

"Niliogopa nikikuuliza utaona haya, uache kuja kabisa." Fundi alishusha pumzi. Baada ya ukweli wa kutu, huu mwingine haukuwa mzito tena. "Halafu na mimi nina langu. Kuna nati zinazojifunga zenyewe, hazilegei. Ukishaikaza, mtu wa koleo atakesha nayo. Ninayo moja ya saizi hiyo, droo ya pili kushoto. Iko pale miaka miwili."

"Na hukuifunga."

"Sikuifunga."

Daktari alitabasamu, kwa macho kwanza. Kisha akaunyoosha mkono wake ule safi juu ya kile kiti cha gari kilichonukia upya, akaushika wa Fundi pamoja na grisi yake yote, akaufumba kwa viganja viwili. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nje, maji ya tangi yalikuwa yanafurika kidogo na kudondoka kwenye zege, na walikaa wakiyasikia.

"Lile la zamani," Daktari alisema baadaye. "Siwezi kulipeleka kwa mtu asiyejua kuunyanyua mlango. Lichukue wewe."

"Sipewi gari. Nalinunua. Safari zangu ni za nyumbani na gereji, kutu haitanidhuru. Na bei nitaitaja mimi, kwa sababu kasoro zake nazijua zote, pamoja na nati moja iliyotafunwa."

"Na saa yake?"

"Saa isiguswe."

*

Mzee alikuwa amesimama getini waliporudi, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kulifanya kwa sababu ndogo. Aliwatazama wakishuka, mmoja huku, mwingine kule, wote wawili wakijitahidi kuwa na sura za kawaida na wote wawili wakishindwa. Kwenye mkono mweupe wa shati la Daktari palikuwa na alama nne za vidole vya grisi. Mzee aliziona.

"Umemwambia abaki na lipi?" alimuuliza binti yake.

"Jipya, Baba."

"Umemwambia kuhusu kutu?"

"Nimemwambia."

"Na ile dhamana ya miaka mitano uliisikia vizuri?"

"Niliisikia."

Mzee alimwangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kanuni moja, ameishi nayo miaka arobaini, na sasa alikuwa anaigeuzageuza kichwani kama kifaa cha zamani ambacho hakiingii kwenye gari la kisasa. Binti alikuwa amempenda mteja. Breki zilikuwa zimekwisha, safari hii zikiitwa kutu. Na bado alimwambia.

"Nami nina la kusema, Mzee," Daktari alianza, akiweka mikono nyuma. "Nimekuwa nikikudanganya kuhusu lile bati."

"Unadhani sikujua? Nimeandika bati lako mara kumi na saba." Mzee alirudi kwenye kiti, akaketi, akafungua daftari lake magotini. Kila gari lililopita geti lile lilikuwa na ukurasa wake humo, na tatizo lake, na mwisho wake. Tatizo dogo aliliandikia "limepona." Kubwa aliliandikia "mwenyewe arudi Jumamosi." Akafunua mpaka ukurasa mtupu, akalamba kidole, akaandika tarehe na rangi ya gari.

"Tatizo?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Daktari alimtazama Fundi, kisha akamtazama Mzee. Safari hii hakutaja wiper.

"Halina, Mzee."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea, polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Alipomaliza aliligeuza daftari ili binti yake alisome, naye akainama juu ya bega la baba yake, akasoma. *Gari ni zima. Tatizo ni mwenyewe. Arudi kila Jumamosi.*